Kuivisha Dakota injini za turbopropu: je, ni lazima nikate bodi?

"Shikamoo mwalimu. Nina seti ya modeli ya plastiki ya C-47, yaani Dakota, ya kipimo cha 1/72 ambayo imekaa kabatini miaka minne. Juzi nilipata seti ya resini yenye naseli mbili za injini za PT6 na propela za mapanga matano, nikaamua kuunda ile Dakota ya turbopropu inayoruka kwenye barafu. Nilidhani kazi ni kukata injini za zamani na kubandika mpya. Lakini nilipoijaribisha naseli ya resini kwenye bawa, ilitokeza mbele mno hadi nikahisi mtengenezaji amekosea vipimo. Rafiki yangu mmoja kaniambia nisikate bodi, nifupishe naseli tu. Mwingine kasema niachane na PT6, nichukue injini za Dart kwenye seti ya ndege ya abiria ya Viscount, maana turbopropu ni turbopropu. Pia sielewi mapanga yakae vipi ndege ikiwa imeegeshwa. Sijawahi kukata bodi ya modeli na naogopa kuiharibu. Nifanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Msumeno uweke kando kwanza, na naseli hiyo usiipunguze hata milimita moja. Kwa wengine wanaotusoma, naseli ni lile ganda linaloibeba injini mbele ya bawa, bodi ni kiwiliwili cha ndege, na turbopropu ni injini ya turbini inayozungusha propela. Kwa maelezo yako, aliyeichonga alipima sawasawa. Kilichokushtua ni kwamba umeiona naseli ya ndege moja kwenye bodi ya ndege nyingine. Katikati ya hizo mbili kuna kipande cha bodi cha urefu wa mita moja na kidogo, na kipande hicho hakimo kwenye boksi lako.

Ndege unayoitaka ni Basler BT-67. Huundwa Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kwa kuchukua DC-3 au C-47 ya zamani, ya ukoo ule ulioruka mara ya kwanza Desemba 1935, kisha kuifumua na kuijenga upya. Injini zake za pistoni, Pratt & Whitney R-1830, hutolewa zikawekwa PT6A-67R. Bodi hukatwa mbele ya mabawa ikaongezwa inchi 40, yaani sentimita 101.6. Ncha za mabawa na kingo zake za mbele hubadilishwa pia. Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani inazo mbili, Polar 5 na Polar 6, kwa utafiti wa maeneo ya ncha za dunia, na nadhani picha iliyokuvutia ilikuwa ya ndege ya aina hiyo.

Nikueleze sababu ya ule urefu, kwa kuwa ukishaielewa hutahitaji tena kuniuliza wapi pakatwe na wapi pasikatwe, kwa ndege hii wala kwa nyingine utakayoigeuza baadaye.

R-1830 ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili. Kipenyo chake ni kama sentimita 122, na ikiwa kavu, bila mafuta, ina uzito wa takribani kilo 565. PT6A-67R inatoa nguvu zaidi kidogo, lakini uzito wake haufiki nusu ya huo, na kipenyo chake ni kama sentimita 48 tu. Sasa ndege ni mizani. Ina kitovu cha uzito, na kitovu hicho lazima kibaki ndani ya eneo dogo karibu na bawa, la sivyo rubani hawezi kuidhibiti. Ukiondoa zaidi ya kilo 300 mbele ya kila bawa, mkia unashinda. Dawa yake ni ileile ya mizani ya mkono yenye jiwe la kusogeza: jiwe likiwa jepesi, unalisogeza mbali zaidi. Kwa hiyo injini nyepesi inasukumwa mbele, na naseli inarefuka. Kwenye BT-67 hilo peke yake halikutosha, kwa hiyo na chumba cha marubani, pamoja na vyote vilivyomo, kikasogezwa mbele kwa ile mita moja. Faida ya pili ikapatikana hapohapo: nafasi ya mizigo iliongezeka.

Ndiyo maana ndege nyingi zilizohama kutoka injini ya pistoni ya duara kwenda turbopropu zina pua ndefu na nyembamba. Tazama ndege ndogo ya de Havilland Canada Beaver. Ile ya kwanza ina pua fupi, nene, ya mviringo, kwa sababu mbele imekaa R-985, injini ya pistoni ya duara. Turbo Beaver ya mwaka 1963, yenye PT6, imechongoka kama penseli. Mtu asiyejua hudhani wabunifu walitaka tu kuipendezesha, kumbe uzito ndio uliowaamulia.

Tugeuze sasa tuingie kwenye kipimo chako. R-1830 ikigawanywa kwa 72 inakuwa na kipenyo cha milimita 17 hivi. PT6 inakuwa chini ya milimita 7, nyembamba kuliko penseli ya kawaida. Ile nyongeza ya bodi inakuwa milimita 14.1. Weka rula mezani uitazame hiyo 14.1. Kwa macho ni kidogo, lakini modeli ikikamilika bila hiyo, kila aliyewahi kuiona BT-67 atahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja. Propela zitakuwa zimekwenda mbele na chumba cha marubani kimebaki nyuma. Jicho la binadamu linalisoma umbali kati ya propela na kioo cha rubani haraka sana, pengine kuliko kitu kingine chochote kwenye ndege ya injini mbili.

Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako wa kwanza, kufupisha naseli, siukubali. Nakiri kwamba utakuokoa na msumeno. Lakini PT6 ina mpangilio wa ajabu kidogo ndani yake, na mpangilio huo unaonekana nje. Hewa haingii kwa mbele ikatokea nyuma kama wengi wanavyodhani. Hewa inapita kwenye mdomo ulio chini ya koni ya propela, inasafiri ndani ya naseli hadi karibu na kitako cha injini, inaingia hapo, kisha inageuka na kusonga mbele kupitia kompresa, chumba cha mwako na turbini. Moshi unatokea karibu na mbele kabisa, kwa mabomba mawili mafupi yaliyopinda, moja kila ubavu, nyuma kidogo tu ya propela. Ukikata milimita kadhaa katikati ya naseli, mdomo wa hewa, mabomba ya moshi na mistari ya milango ya mafundi vyote vinapoteza uwiano. Unakuwa umeharibu kipande kilichochongwa vizuri ili kukilinda kipande ambacho kilipaswa kukatwa.

Rafiki yako wa pili ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni tamu. Dakota zenye Dart zilikuwepo kweli. Mwaka 1951 shirika la ndege la BEA la Uingereza lilirusha Dakota mbili zenye Rolls-Royce Dart kubeba mizigo, ili lizizoee injini hizo kabla Viscount haijaanza kazi. Mwaka 1969 huko Marekani ikaruka Conroy Turbo-Three, DC-3 yenye Dart za aina ileile iliyotumika kwenye Viscount. Na bodi haikurefushwa. Ukirudi kwenye hesabu yetu ya mizani utaona kwa nini: Dart si nyepesi kama PT6, uzito wake unakaribia zaidi ule wa injini ya pistoni, hivyo mizani haikuyumba sana.

Hivyo, kama hofu yako ya kukata bodi ni kubwa kuliko mapenzi yako kwa BT-67, Turbo-Three ni njia halali kabisa, na utaunda ndege iliyoruka kweli. Lakini hiyo haitakuwa ndege ya barafuni uliyoipenda. Dart inavuta hewa kwa mbele, kupitia uwazi wa mviringo unaoizunguka koni ya propela, na moshi wake unatolewa nyuma kwa bomba refu. Propela ina mapanga manne. Mtu akikuambia turbopropu ni turbopropu, mwonyeshe Tucano, ndege ya kufundishia marubani. Ile ya Embraer ya Brazili ina PT6 na propela ya mapanga matatu. Ile iliyotengenezwa na Shorts kule Belfast ina Garrett TPE331 na mapanga manne. Ni ndege ya ukoo mmoja, lakini pua zake ni mbili tofauti, na anayezichanganya anaunda ndege isiyokuwepo.

Ipo njia nyingine ambayo watu huionea haya bila sababu: kuunda ndege ya kubuni, PT6 kwenye bodi fupi, ukaiita yako. Hakuna ubaya wowote, mradi ubao wa jina chini ya modeli useme hivyo. Kwa jinsi ulivyoeleza, hata hivyo, naona moyo wako uko kwenye BT-67. Basi tuikate hiyo bodi.

Njia ninayoipenda inahitaji seti ya pili ya C-47, hata iliyochakaa au iliyokosa vipande. Seti zote mbili zitoke kwenye moldi ileile. Sababu ni kwamba ukijaza pengo la milimita 14 kwa vipande vya plastiki bapa, unapata maungio mawili ya kusawazisha, na pia kazi ya kuchonga umbo la mviringo kwa msasa hadi lilingane mbele na nyuma. Inawezekana, wengi wamefanya, ila kwa mtu wa mara ya kwanza ndipo mahali pa kukata tamaa. Ukiwa na bodi mbili, unafanya hivi: bodi ya kwanza unaikata nyuma kidogo, karibu na mabawa, na kuchukua upande wake wa pua. Bodi ya pili unaikata milimita 14.1 mbele ya mstari huo, na kuchukua upande wake wa mkia. Ukiunganisha pua ndefu na mkia mrefu, urefu umeongezeka, na ungio ni moja tu.

Mistari yote miwili iwe mbele ya mahali bawa linapoanza kuungana na bodi, na iwe mahali ambapo bodi haijaanza kusinyaa kuelekea puani. Lihakikishe hilo kabla ya kukata: zungushia bodi mkanda mwembamba wa karatasi kwenye mstari wa kwanza, weka alama pale mkanda unapokutana, kisha uhamishie kwenye mstari wa pili. Alama zikilingana, unene ni mmoja. Zikipishana kidogo, sogeza mistari yote miwili kwa pamoja hadi zilingane. Jambo hili dogo la mkanda ndilo linaloamua kama utasawazisha ungio kwa nusu saa au kwa wiki nzima.

Kata kwa msumeno mwembamba wa meno madogo, usitumie kisu. Bandika mkanda mgumu kuzunguka bodi uwe reli ya msumeno. Anza kwa kuvuta taratibu bila kukandamiza, zungusha bodi, kata kidogo kila upande hadi mifereji ikutane. Kumbuka msumeno wenyewe unakula plastiki, pengine robo ya milimita, kwa hiyo kata upande wa nje wa mstari, ule wa kipande usichokihitaji, kisha umalizie kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo bapa. Bodi ya seti huja katika nusu mbili, na mimi huunganisha nusu ya kushoto peke yake na ya kulia peke yake, kila moja ikiwa imelala juu ya kioo, mgongo wa bodi ukiegemea rula ya chuma. Ndani ya ungio gundisha vipande vya plastiki vya unene wa milimita moja viwe kama banzi kwenye mfupa uliovunjika. Acha usiku mzima. Nilipounda bodi yangu ya kwanza ya kurefusha sikuitumia rula hiyo, niliamini macho yangu, na pua ikageukia kushoto kwa kiasi ambacho sikukiona hadi nilipopaka rangi nyeupe. Ilinibidi niukate upya ungio uliokwisha kupakwa.

Kuhusu madirisha, milango na antena sitakuambia idadi, kwa kuwa BT-67 hazifanani. Kila mteja aliagiza lake, madirisha mengine yamezibwa, nyingine zimevikwa skii. Chagua ndege moja kwa namba yake ya usajili, kusanya picha zake za mwaka mmoja, na uifuate hiyo tu. Kwenye C-47 yako utaondoa pia mdomo wa hewa ulio juu ya naseli, kipoza mafuta kilicho chini yake, na vile vibao vidogo vinavyofunguka nyuma ya kava la injini kupoza silinda. Vyote hivyo vilikuwa vya injini ya pistoni. Tazama pia kwenye picha zako jinsi ngozi ya usukani wa mkia ilivyo, ulinganishe na mawimbi ya kitambaa yaliyochongwa kwenye plastiki.

Ukibandika naseli, tumia kwanza mkanda bila gundi. Pima kutoka ncha ya koni ya propela ya kushoto hadi ncha ya mkia, kisha ya kulia. Vipimo vilingane. Kisha itazame ndege kwa mbele, jicho likiwa usawa wa meza, uone kama koni zote mbili ziko kimo kimoja. Resini hupinda inapokauka, na naseli mbili kutoka moldi moja zinaweza kutofautiana kidogo. Iliyopinda iloweke kwenye maji ya moto, si yanayochemka, uinyooshe taratibu na kuipoza kwenye maji baridi.

Jambo jingine ambalo sijaona likielezwa mara nyingi: Dakota husimama kwa mkia, magurudumu yake makubwa yako mbele ya kitovu cha uzito, na kwa sababu hiyo watu hudhani haihitaji uzito wa ziada. Lakini wewe unaongeza naseli za resini ngumu, nzito kuliko plastiki tupu ya mwanzo, mbele ya magurudumu hayo, na pua ndefu zaidi juu yake. Modeli inaweza kuinamia mbele ikasimama kwa propela. Kabla ya kufunga bodi, iunganishe yote kwa mkanda, isimamishe, uone inaangukia wapi. Ikiinamia mbele, jaza vipande vya risasi au vijiwe vya chuma ndani kabisa ya mkia, uvigandishe imara. Angalia na miguu ya magurudumu. Ya plastiki inaweza kutanuka polepole kwa miezi kadhaa chini ya uzito huo. Iliyoimarishwa kwa waya wa chuma ndani ni salama zaidi.

Nimeyaacha mapanga makusudi, kwa sababu ndiyo ninayoyapenda kuliko yote.

Ndani ya PT6 mna turbini zisizoshikana. Moja inazungusha kompresa. Nyingine, iliyo huru, inazungusha propela kupitia giaboksi, na kati ya hizo mbili hakuna shafti inayoziunganisha, ni hewa ya moto tu inayopita. Pembe ya mapanga inashikiliwa na shinikizo la mafuta. Rubani anapozima injini, shinikizo linashuka, na springi pamoja na vizito vilivyomo kwenye kitovu cha propela vinayageuza mapanga hadi yatazame upepo kwa ubavu mwembamba. Kwa hiyo BT-67 iliyoegeshwa, ukisimama mbele yake, unaona mapanga membamba kama visu vilivyosimamishwa kwa makali. Turbopropu za shafti moja haziko hivyo. TPE331 hufungwa kwa komeo mapanga yakiwa bapa, ili injini iwake kwa wepesi safari ijayo, na Dart nayo huegeshwa mapanga yakiwa bapa. Ukiunda Turbo-Three, mtazamaji wa mbele auone upana wote wa panga. Ukiunda BT-67, aone kingo tu. Mtu anayezijua ndege atakutambua kwa hilo kabla hajaangalia rangi.

Kwa kuwa propela ya PT6 ni huru, upepo unaweza kuizungusha yenyewe ndege ikiwa imeegeshwa na injini imezimwa, wakati giaboksi haipati mafuta. Ndiyo maana wafanyakazi wa uwanjani hufunga panga moja kwa mkanda, na mkanda huo mara nyingi huunganishwa na vifuniko vya mabomba ya moshi. Uzi mwembamba uliopakwa rangi nyekundu na vifuniko viwili vya karatasi ya bati vitakupa kipande cha maisha ya uwanja wa ndege kwa kazi ya jioni moja.

Upande wa kuzunguka: propela zote mbili, za PT6 na za C-47 ya kawaida, huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa ukizitazama kutoka nyuma, alipo rubani. Namna ya kukagua ni hii. Simama mbele ya modeli, tazama panga lililosimama juu. Ukingo wake mnene, ule unaokata hewa, uwe upande wa mkono wako wa kushoto iwapo panga halijageuzwa ubavu. Likigeuzwa ubavu, ukingo huohuo mnene ndio unaokuelekea wewe. Usiiamini seti bila kukagua. Niliwahi kupata propela za resini zilizochongwa kinyume, zote mbili, na kama nisingezilinganisha na picha ningezibandika hivyohivyo.

Uchafu nao una sheria yake. Injini ya pistoni huvuja mafuta, ikaacha michirizi ya kahawia na nyeusi nyuma ya kava na chini ya bawa. PT6 inaacha masizi: kivuli cha kijivu cheusi kinachoanza kwenye bomba la moshi na kulambwa na upepo kuelekea nyuma ya naseli, kikififia. Kwenye ndege nyeupe kinaonekana sana. Tumia unga wa chaki ya rangi au penseli iliyosagwa, kidogo kidogo, kwa brashi laini, ukivuta kuelekea nyuma tu.

Naomba pia unisikilize kuhusu mwili wako. Vumbi la resini ni laini mno na linafika ndani ya mapafu. Piga msasa resini ikiwa imelowa, vaa barakoa ya kuchuja vumbi yenye kiwango cha FFP2 au zaidi, na ufute meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kupuliza. Kama siku moja utaamua kumimina resini mwenyewe, jua kwamba ile ya poliyurethani kabla haijaganda ina isosianeti, kemikali inayoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Hiyo si kazi ya chumba cha kulala. Ukianza kukohoa, kubanwa kifua au kupumua kwa mluzi baada ya kufanya kazi na resini, acha kazi hiyo uende kwa daktari, ukiwa na jina la resini mkononi. Gundi ya papo hapo ikiingia jichoni, usijaribu kuyatenganisha kope kwa nguvu. Osha kwa maji ya vuguvugu na uende hospitali siku hiyohiyo. Kidole kilichokatwa na msumeno hadi damu haikatiki kwa kubana, au kikafa ganzi, nacho ni cha hospitali, usikifunge tu ukaendelea.

Kuhusu modeli yenyewe, kuna hali moja ambayo maneno yangu hayatoshi. Bodi iliyokaa kabatini miaka minne inaweza kuwa imejipinda. Zilaze nusu zote mbili juu ya kioo: zikicheza, yaani ukibonyeza mbele nyuma inainuka, usikate bado. Zipeleke kwa mtu aliyewahi kurefusha bodi, kwenye chama cha waundaji wa modeli au kwa fundi unayemwamini, azishike mkononi. Picha haionyeshi mpindo wa nusu milimita, vidole vinauhisi. Kama zimetulia, anza leo kwa ule mkanda wa karatasi na penseli, na msumeno usiuguse mpaka alama za mistari miwili zilingane.